Hofu ya Mjongeo

Bega lililoteguka likisharudishwa, mkono hutundikwa shingoni kwa wiki chache, kisha mgonjwa huambiwa aanze kuunyoosha. Kuna ambao miezi hupita, maumivu yameisha, lakini mkono haupandi. Kiungo kinaweza, mwenyewe ndiye anayekizuia. Wataalamu huiita hali hiyo kinesiofobia, neno lililoingizwa katika tiba ya maumivu mwaka 1990 na Kori, Miller na Todd. Maana yake ni hofu iliyopita kiasi ya kujongeza mwili, kwa kuamini kwamba utaumia tena. Hupimwa kwa Kipimo cha Tampa chenye kauli 17, kila moja alama 1 hadi 4.

Kwa Kiswahili tuiteje? “Hofu ya mwendo” inamfaa zaidi abiria wa basi linalokimbizwa. “Hofu ya harakati” itadhaniwa ni habari ya siasa. Wanabiolojia wetu wameshazoea “mjongeo”, nami naona tuwafuate. Kuhusu “woga”, nalikataa kabisa: woga hugeuka haraka kuwa mwoga, na hapo ugonjwa umekuwa tabia ya mtu. Hofu humpata yeyote.

Tofauti hiyo ina uzito mahali kama Chala, wilayani Nkasi, katika njia ya Sumbawanga kwenda Namanyere. Huko ni Ufipa, nchi ya mahindi, maharage na ulezi, na ya ntumba, matuta ya mviringo yanayofukiwa majani ili yaoze yawe mbolea. Mabega mengi hutegukia mbele, mkono ukiwa umeinuliwa, umefunguliwa nje na kuvutwa nyuma. Mkao huo hauko mbali na wa mtu anayenyanyua jembe juu apige ardhi. Basi aliyeteguka bega hukutana na kitisho chake kila anapoinua mpini, na majirani wakimwona anapalilia kwa mkono mmoja humwita mvivu.

Hata hivyo si kila hofu imepita kiasi. Bankart, daktari mpasuaji wa Uingereza, alieleza mwaka 1923 jinsi ukingo wa tundu la bega unavyobanduka upande wa mbele. Bega la namna hiyo, hasa la kijana, huteguka tena na tena, na anayelihofia anasema kweli. Istilahi yetu isitumike kumnyamazisha. Apimwe kwanza uimara wa kiungo. Kikionekana imara, ndipo hofu itibiwe kama hofu: mkono uinuliwe hadi kiunoni, kisha kifuani, baadaye juu ya kichwa, jembe likija mwisho.

Ombi langu ni kwa waganga na wataalamu wa fiziotherapia: mnapomweleza mgonjwa, semeni “hofu ya mjongeo”, na msimwambie “acha woga”.