Matumizi ya Programu za Kompyuta Katika Kufundishia Lishe na Teknolojia ya Chakula Sekondari: Mfano wa Vyakula vya Tabora

Chakula na Lishe ya Binadamu ni miongoni mwa masomo yanayofundishwa katika shule za sekondari nchini. Katika kidato cha tano na cha sita somo hilo huunganishwa na Kemia na Biolojia katika tahasusi ijulikanayo kama CBN. Sehemu kubwa ya maudhui yake ni hesabu: nishati iliyomo katika mlo, protini iliyomo katika kilo moja ya maharage, maji yanayotoka kwenye kiazi kinapokaushwa. Programu ya kompyuta hufanya hesabu hizo kwa muda mfupi. Hata hivyo, jibu linalotolewa huwa sahihi iwapo tu chakula kilichoingizwa katika programu ndicho kinacholiwa na wanafunzi wenyewe.

Umuhimu wa jambo hili unaonekana katika takwimu za Taifa. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa mwaka 2022 ulionesha kuwa asilimia 30 ya watoto wenye umri chini ya miaka mitano wamedumaa, na kwamba asilimia 42 ya wanawake wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Wasichana wengi wa sekondari wamo ndani ya kundi hilo la umri. Kwa sababu hiyo, anayejifunza lishe darasani anajifunza pia habari za mwili wake.

Msingi wa kitaifa

Taasisi ya Chakula na Lishe Tanzania (TFNC) ilianzishwa kwa Sheria Na. 24 ya mwaka 1973. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) ndiyo yenye jukumu la kuandaa mitaala, nayo huendesha Maktaba Mtandao ambamo vitabu vya kiada husomwa bila malipo. Matumizi ya TEHAMA shuleni yaliwekewa mwongozo kupitia Sera ya TEHAMA kwa Elimumsingi ya mwaka 2007. Aidha, Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imetilia mkazo ujuzi, elimu ya amali na matumizi ya teknolojia.

Nyenzo muhimu kuliko zote kwa somo hili ni jedwali la virutubishi. Mwaka 2008 yalichapishwa Majedwali ya Virutubishi vya Vyakula vya Tanzania, kazi iliyofanywa kwa pamoja na Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi Shirikishi Muhimbili, TFNC na Chuo Kikuu cha Harvard cha Marekani. Kenya nayo ilichapisha majedwali yake mapya mwaka 2018. Majedwali hayo huonesha kiasi cha nishati, protini, mafuta, vitamini na madini katika kila gramu 100 za chakula.

Mwalimu anaweza kuyatumia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni programu maalumu za lishe, mfano NutriSurvey, ambayo hupatikana bila malipo na hutumiwa na watafiti wengi. Njia ya pili, iliyo rahisi zaidi, ni lahajedwali la kawaida. Mwanafunzi huandika jina la chakula, uzito wake na thamani ya virutubishi kutoka katika jedwali, kisha huandika kanuni ya kuzidisha na kujumlisha. Njia hii ina faida moja ya kielimu: mwanafunzi huiona kanuni yenyewe na kuielewa, badala ya kupokea jibu tu.

Zoezi la kwanza: posho ya mpagazi

Tabora, iliyojulikana katika karne ya 19 kwa jina la Kazeh katika nchi ya Unyanyembe, ilikuwa kituo kikuu cha njia ya misafara kutoka Bagamoyo hadi Ujiji. Wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, walibeba mizigo ya takriban kilo 30 kwa miezi kadhaa. Wasafiri wa wakati huo waliandika kuwa posho ya mpagazi kwa siku ilikuwa kibaba kimoja cha nafaka, kipimo kinachokaribia ratili moja na nusu, yaani takriban gramu 700.

Takwimu hiyo moja inatosha kwa kipindi kizima. Gramu 700 za mtama hutoa takriban kilokalori 2,400 na gramu 70 za protini. Safu ya protini inaridhisha, lakini safu ya vitamini C inasomeka sifuri, na ya vitamini A hukaribia sifuri. Kwa mwanaume anayetembea kutwa na mzigo mzito, mahitaji ya nishati huenda yakazidi kilokalori 3,000. Mwanafunzi hutambua mara moja kwamba posho peke yake haikutosha, na kwamba mboga, matunda, asali na nyama vilivyopatikana njiani vilikuwa na kazi kubwa zaidi ya kuongeza ladha. Hapo pia hujifunza tofauti iliyopo kati ya kushiba na kulishwa vyema.

Zoezi la pili: michembe na matobolwa

Jamii za Tabora na Kanda ya Ziwa zina teknolojia yao ya kuhifadhi viazi vitamu. Viazi vikikatwa vibichi na kuanikwa huitwa michembe. Vikichemshwa kwanza, kisha vikakatwa na kuanikwa, huitwa matobolwa. Hii ni teknolojia ya chakula kamili, nayo inaweza kuandikwa kwa kanuni.

Ikiwa kilo 10 za viazi vilivyomenywa zina maji asilimia 70, mabaki makavu ni kilo 3. Vikikaushwa hadi unyevu ubaki asilimia 10, uzito wa mwisho ni 3 kugawanywa kwa 0.9, yaani takriban kilo 3.3. Mwanafunzi akibadili namba moja tu katika lahajedwali, kwa mfano unyevu wa mwisho kuwa asilimia 15, huona papo hapo uzito ukiongezeka na kufikia takriban kilo 3.5. Uzito huo wa ziada ni maji tupu, nayo ndiyo yanayokaribisha ukungu.

Kutoka hapo darasa hupiga hatua nyingine. Nishati katika gramu 100 huongezeka takriban mara tatu baada ya kukausha, kwa sababu maji yameondoka. Vitamini hazifuati mkondo huo. Vitamini C hupungua kwa joto na hewa, na viambata vinavyotengeneza vitamini A katika viazi lishe vya rangi ya chungwa huharibiwa na jua kali. Kukausha kivulini au ndani ya kikaushio kilichofunikwa huvihifadhi vizuri zaidi.

Chumvi ya Uvinza, iliyouzwa kwa karne nyingi upande wa magharibi wa njia hiyo, hufungua mada ya kurutubisha chakula. Chumvi ya kula huongezwa madini joto ili kuzuia ugonjwa wa rovu na madhara kwa ubongo wa mtoto aliye tumboni. Wanafunzi wanaweza kukokotoa kiasi cha madini kinachohitajika kwa tani moja, na kujadili kwa nini chumvi huhifadhiwa katika chombo chenye mfuniko.

Zoezi la tatu: sahani ya leo

Zoezi lenye manufaa ya moja kwa moja ni lile la mlo wa shule. Chukua mwanafunzi anayekula kwa siku unga wa mahindi gramu 400 na maharage makavu gramu 100. Lahajedwali huonesha takriban kilokalori 1,700 hadi 1,800 na protini zaidi ya gramu 50. Maharage yanaleta madini chuma, lakini vitamini A na C hazipo kwa kiasi cha maana, na chuma kinachotokana na mimea hufyonzwa kwa shida.

Sasa liongezwe embe moja, tunda ambalo Tabora inasifika nalo. Embe la wastani lenye nyama ya gramu 200 hutoa vitamini C zaidi ya miligramu 40 zinazopendekezwa kwa kijana kwa siku. Vitamini hiyo ikiliwa pamoja na maharage husaidia mwili kufyonza chuma. Chai ikinywewa pamoja na mlo huo hufanya kinyume chake. Msimu wa maembe ukiisha, nafasi hiyo inaweza kujazwa na mboga za majani, mapapai au ubuyu. Dagaa wa Ziwa Tanganyika wanaosafirishwa kutoka Kigoma huongeza protini bora na madini ya chokaa.

Katika shule nyingi wazazi huchangia chakula cha wanafunzi, na mara nyingi michango hiyo huwa mahindi na maharage. Jedwali lililoandaliwa na wanafunzi linaweza kuwasilishwa mbele ya kamati ya chakula au bodi ya shule, likionesha gharama na virutubishi vya kila chaguo. Kamati hupata msingi wa kuamua iwapo sehemu ya mchango iwe karanga, dagaa au miche ya matunda ya kupanda shuleni.

Mipaka ya programu

Programu nyingi za lishe hubeba majedwali ya nchi za nje. Unga wa mahindi wa Marekani mara nyingi ni wa mahindi ya njano, tena uliorutubishwa. Mahindi meupe yanayoliwa Tabora karibu hayana vitamini A kabisa. Mwanafunzi akichagua jina bila kuangalia chanzo, kompyuta itampa jibu safi lenye tarakimu nyingi, lakini lisilo la kweli. Kwa hiyo kanuni ya kwanza ni kuanza na jedwali la Tanzania, na ya pili ni kupima chakula kwa mizani badala ya kukisia.

Aidha, programu haioni kilichomo ndani ya gunia. Mwaka 2016 sumukuvu katika mahindi ilisababisha vifo vya watu 20 katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Katika lahajedwali, mahindi yenye sumu na mahindi salama yana nishati ileile. Kinga yake ni kukausha hadi unyevu usiozidi asilimia 13.5 kwa mujibu wa kiwango cha Afrika Mashariki, kuhifadhi mahali pakavu na kuondoa punje zilizovunjika au kuota ukungu. Maabara ndiyo inayothibitisha. Kwa hiyo jiko, mizani na uanikaji wa vitendo havina mbadala.

Shule yenye kompyuta chache

Uhaba wa vifaa si sababu ya kuahirisha mafunzo haya. Lahajedwali halihitaji intaneti. Jedwali la virutubishi likishapakuliwa mara moja, linaweza kusambazwa kwa kifaa cha kuhifadhia data. Kompyuta moja na projekta zinatosha darasa zima. Wanafunzi hupima chakula katika vikundi, hukokotoa kwanza kwa kalamu, kisha kila kikundi huingiza namba zake na kulinganisha majibu. Umeme unapokatika, kazi iliyo katika daftari huendelea.

Wazazi na walezi wanaweza kushiriki kwa kuwaeleza watoto wao vipimo halisi vya nyumbani: unga hupimwa kwa chombo gani, mboga huchemshwa kwa muda gani, matobolwa huanikwa kwa siku ngapi. Ushauri kuhusu lishe ya kaya hupatikana katika vituo vya kutolea huduma za afya na kwa Maafisa Lishe walioko katika kila halmashauri.