MAMA NA SIMU, sehemu ya 3: Katuni za wakubwa zilitoka wapi?

Baada ya sehemu ya 2 wengi mliniandikia: "Sista, hizi anime za Kijapani anazoangalia mwanangu zina shida gani?" Nyingi hazina shida. Totoro ya mwaka 1988 iangalie hata na mtoto wa miaka minne mgongoni. Ila kuna za wakubwa, na hizo zina historia yake.

Mwaka 1983 Wajapani walianza kutengeneza anime za kwenda moja kwa moja kwenye kanda za video, bila kupitia televisheni wala sinema. Mliokulia nyumba yenye deki mnazikumbuka kanda zile nyeusi. Ukishainunua unaangalia chumbani kwako, hakuna wa kukuuliza. Mwaka uliofuata tu, 1984, zikatoka Lolita Anime na Cream Lemon, katuni za ngono. Na waliochorwa humo toka mwanzo ni wasichana wadogo, wa umri wa shule.

Sasa sheria ilikuwa wapi? Ilikuwepo. Kifungu cha 175 cha sheria ya adhabu ya Japani, ya mwaka 1907, kinakataza kusambaza vitu vya aibu. Kwa miaka mingi kikachukuliwa hivi: usionyeshe sehemu za siri. Ndiyo maana mpaka leo video zao zinawekewa vimraba vya ukungu pale. Mchoraji Toshio Maeda, ambaye hadithi yake ya Urotsukidoji ilianza 1986 na kuwa anime 1987, ameeleza mwenyewe kwenye mahojiano kwamba alichora mikono ya mapepo, mirefu kama ya pweza, kwa sababu mkono wa pepo haukuhesabiwa kuwa kiungo cha uzazi. Jamani, hebu tulia hapo kidogo. Mwanamke analia, anashikwa kwa nguvu, na hilo lilipita. Kilichozuiwa ni kiungo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 filamu hiyo ikafika Uingereza na Marekani, na bodi ya Uingereza ikakata vipande kwanza ndipo ikairuhusu.

Kati ya 1988 na 1989 mtu mmoja (jina lake silitaji) aliua watoto wa kike wanne maeneo ya Tokyo na jirani. Polisi walikuta kwake kanda zaidi ya 5,000, na nchi ikazigeukia katuni. Mimi hesabu hiyo naiona nyepesi mno. Watu wengi sana waliangalia hizo kanda na hawakumgusa mtu.

Ninachogombana nacho ni hadithi yenyewe, maana inajirudia: msichana anakataa, analia, halafu mwili wake "unakubali", mwisho anampenda aliyembaka. Hapo naongea kama nesi. Mwili unaweza kuitikia kuguswa bila mwenye mwili kutaka, kama goti linavyoruka daktari akiligonga. Na wengi wakivamiwa hawapigi kelele, wanaganda. Aliyebakwa asipolijua hili anaweza kujilaumu miaka mingi: "mbona sikupigana?" Na kijana aliyejifunzia kwenye katuni atasema huyo alipenda.

Japani kwenyewe sheria ya ubakaji ilichelewa kulielewa hili. Marekebisho makubwa ya kwanza tangu 1907 yalikuja 2017, yaani miaka 110, na bado mwathirika alitakiwa kuonyesha kwamba kulikuwa na kipigo au vitisho. Juni 2023 ndipo walipobadili kosa likawa ngono bila ridhaa, na kuganda kwa hofu kukatajwa kati ya hali nane zinazohesabiwa. Umri wa ridhaa nao ukatoka miaka 13 hadi 16.

Michoro je? Sheria yao ya 1999 dhidi ya picha za ngono za watoto haikuigusa. Mwaka 2014 wakakataza hata kumiliki picha hizo, michoro ikaachwa tena. Watetezi wanasema hakuna mtoto halisi aliyeumizwa kwenye mchoro. Uingereza ilikwenda njia nyingine, mwaka 2009 ikakataza hata kumiliki michoro ya namna hiyo. Mimi niko na Uingereza kwa hili, na najua baadhi yenu mtabishana nami hapo chini, karibuni.

Neno la kulijua ni hentai, ndilo linalotumika nje ya Japani kuita katuni hizi. Ukilikuta kwenye simu ya mtoto usianze na fimbo. Muulize aliona nini, na yule dada kwenye katuni alisema nini, kisha mweleze habari ya kuganda kama nilivyoandika hapo juu. Mvulana mweleze vilevile.

Na mtoto akikuambia kuna jambo limemtokea kweli, mpeleke hospitali siku hiyohiyo. Dawa za kuzuia VVU lazima zianze ndani ya saa 72. Asioge kwanza, na nguo alizovaa usizifue, ziweke kwenye mfuko wa karatasi uje nazo. Kwa Tanzania namba 116 ya watoto ni bure.