Ndege Iliyotua Majini: Historia Tuliyokaribia Kuipoteza



Tarehe 28 Februari 1931, shirika la ndege la Imperial Airways lilianza safari ya kupeleka barua Afrika Mashariki kutoka Croydon, kando ya London. Mwisho wa safari ile haukuwa Nairobi wala Dar es Salaam. Ulikuwa Mwanza.

Njiani barua zilihamishwa kutoka ndege moja hadi nyingine. Kutoka Khartoum zilichukuliwa na ndege aina ya Calcutta, yenye injini tatu, ambayo haikuhitaji uwanja. Tumbo lake lilitengenezwa mfano wa mtumbwi, hivyo ilitua juu ya Mto Nile na hatimaye juu ya ziwa letu. Barua zilizokuwa zikichukua wiki kadhaa kwa meli sasa zilifika kwa siku kumi hivi.

Kwa nini Mwanza? Tukitazama ramani tunaelewa. Ziwa lilikuwa uwanja ambao Mungu alishautengeneza, na reli kutoka Tabora ilikuwa imefika Mwanza mwaka 1928. Barua ikishuka majini, inapanda treni.

Heshima hiyo haikudumu. Januari 1932 njia iliendelezwa hadi Cape Town kupitia Kisumu, Nairobi, Dodoma na Mbeya, na Mwanza ikaachwa kando. Leo watoto wetu wanaziona ndege zikitua Mwanza kila siku, lakini ni wachache wanaojua kwamba zamani zilitua majini. Sisi wenyewe hatukufundishwa. Wazee waliosimama ufukweni miaka ile wameondoka, na hatukuwauliza. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Na historia ni mali.

Lakini tunao mfano wa kuiga, tena hapa hapa wilayani kwetu. Bujora, katika Kisesa, Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada, alikaa na wazee wa Kisukuma akawauliza mapema. Vikakusanywa viti na ngoma za watemi, zana za wahunzi, vifaa vya waganga, na kumbukumbu za Bagika na Bagalu, vyama vya ngoma vinavyoshindana tangu enzi za mababu. Utawala wa watemi ulifutwa kisheria mwaka 1963. Makumbusho ya Bujora yalipofunguliwa mwaka 1968, vitu vile vilikuwa vimeshapata pa kukaa. Kama wazee wale wangesema "tutafanya kesho", leo mjukuu wa mtemi angesimuliwa tu kuhusu kiti cha babu yake. Sasa anaingia katika jengo lenye umbo la kiti hicho.

Ndiyo maana mwaka huu tunawaomba mchangie ziara za wanafunzi wa shule zetu za sekondari. Asubuhi watakwenda Bujora kuona namna kumbukumbu inavyotunzwa. Mchana watashuka ufukweni Mwanza kusikia habari za ndege ya mwaka 1931, na kwa beseni la maji na mfano wa bati, watajifunza kwa nini chombo kizito huelea na kwa nini huinuka. Walimu wanajitolea, hawaombi posho. Kinachohitajika ni nauli ya basi, kiingilio, chakula cha mchana, daftari na kalamu.

Daftari hilo lina kazi. Kila mwanafunzi atarudi nalo nyumbani akaandike simulizi moja ya babu au bibi yake: ya ndege, ya treni, ya meli, ya pamba, yoyote ile. Nanyi mlio na picha ya zamani, barua au stempu iliyolala sandukuni, msiitupe. Tupeni tuipige picha, kisha tutawarudishia.

Ndege ile ilitupita. Wazee waliopo leo wasitupite.