Mchezo wa jukwaa wa kasi

Mchezo wa jukwaa wa kasi ni aina ya mchezo wa video ambamo mhusika hukimbia, huruka na kutua juu ya majukwaa, aghalabu kutoka kushoto kwenda kulia, huku mchezaji akipewa muda mfupi sana wa kuamua. Mfano wake mashuhuri ni Sonic the Hedgehog wa kampuni ya Sega, uliotoka mwaka 1991. Jamaa zake wa leo ni michezo ya mbio zisizo na mwisho ya kwenye simu, kama Temple Run (2011) na Subway Surfers (2012). Makala hii inapima nguvu na udhaifu wa aina hiyo kwa macho ya mchezaji wa Munigi, katika wilaya ya Nyiragongo, kaskazini tu mwa mji wa Goma. Huko mchezo hufika kwa njia ya simu ya mkononi, na watu wake wamelazimika kukimbia kweli zaidi ya mara moja.

Asili

Kuruka kulianza kupewa heshima mwaka 1981, Nintendo ilipotoa Donkey Kong, mchezo wa skrini isiyosogea ambamo fundi huruka mapipa. Mwaka 1985 Shigeru Miyamoto na wenzake walitoa Super Mario Bros., ambamo skrini humfuata mhusika katika safari ndefu. Mario anaweza kukimbia, lakini mchezaji makini humwendesha kwa hatua zilizopimwa. Sega ilipotafuta mhusika wa kushindana naye, ilimchagua kalunguyeye wa buluu. Naoto Ohshima alimchora, Yuji Naka akaandika programu, na Hirokazu Yasuhara akapanga njia za kupita. Walichouza kilikuwa mbio.

Kasi inavyopatikana

Katika Sonic wa 1991 kuna mishale ya mwelekeo na kitufe cha kuruka, basi. Hakuna kitufe cha kasi. Kasi hutoka kwenye ardhi: mhusika akishuka bonde huongeza mwendo, akipanda kilima hupungukiwa, na akijikunja kuwa mpira kwenye mteremko hupita hata kikomo cha mbio za miguu. Anayeijua barabara ya Rutshuru, inayoteremka kutoka Kibumba kupitia Kanyaruchinya na Munigi hadi Goma, amekwisha kuliona jambo hili kwenye chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo. Mzigo wa mkaa au kabichi uliomtoa mtu jasho kwenye mwinuko hugeuka kuwa injini kwenye mteremko, na ustadi wote wa mwendeshaji ni kujua aachie wapi na abane gurudumu wapi. Kitanzi cha Green Hill, eneo la kwanza la Sonic, kinadai ujuzi huohuo. Asiyekuja na mwendo wa kutosha hukwama katikati na kurudi chini kinyumenyume.

Huu ndio ubora mkubwa wa aina hii, na michezo mingi iliyoiga rangi na kelele za Sonic haikuugusa. Mchezaji anahisi kwamba kasi ni yake, ameichuma kwa kuusoma mteremko. Mwaka 1992 Sonic wa pili aliongezewa uwezo wa kujizungusha papo hapo na kufyatuka akiwa amesimama. Mbinu hiyo iliondoa adha ya kurudi nyuma kutafuta mwendo, ingawa naona ilipunguza kidogo thamani ya bonde.

Ubora wa pili ni pete. Katika michezo mingi ya wakati ule kugusa adui kulimaanisha kufa, au kubaki na nafasi moja tu. Sonic akiwa na pete hata moja, pigo humwaga pete zote na yeye hubaki hai, na mchezaji ana muda mfupi wa kuokota baadhi kabla hazijapotea. Kwa mchezo wa kasi huo ulikuwa uamuzi wa busara, kwa sababu anayekimbia atagonga tu. Kosa lazima liwe na bei nafuu, la sivyo mchezaji ataanza kutembea, na akitembea mchezo umekwisha.

Jicho halifiki

Udhaifu wa Sonic unahesabika. Skrini ya mashine yake, Mega Drive, ina upana wa pikseli 320. Kwa mbio za kawaida za miguu Sonic hufikia pikseli 6 kwa kila fremu, na mashine za Japani na Marekani huonyesha fremu 60 kwa sekunde, hivyo huvuka upana wote wa skrini kwa chini ya sekunde moja. Kwa kuwa husimama karibu na katikati ya picha, mwiba unaochomoza ukingoni humfikia kwa chini ya nusu sekunde. Jicho na kidole cha binadamu huhitaji karibu robo sekunde kuitikia kitu kilichotokea ghafla. Kinachobaki kwa ajili ya kufikiri ni kidogo mno, na akijiviringisha mteremkoni, ambapo anaweza kufikia pikseli 16 kwa fremu, hakibaki kitu.

Matokeo yake ni kwamba mchezo unaojitangaza kuwa wa wepesi hugeuka kuwa wa kukariri. Anayepita kwa umaridadi leo ni yule aliyeanguka palepale jana na juzi. Watetezi wake husema, na wana hoja, kwamba njia zimepangwa kwa ghorofa: anayeruka vizuri hubaki juu, kwenye njia fupi na nyepesi, na anayekosea huangukia njia ya chini, iliyo ndefu na yenye maadui wengi, bila kufa. Ni mpango wa haki. Hata hivyo haumfuti yule adui anayewekwa mwisho wa mteremko, mahali ambapo mchezaji ametiwa moyo akimbie kisha anaadhibiwa kwa kukimbia.

Tena kuna maeneo ambamo watengenezaji waliiacha ahadi yao wenyewe. Labyrinth, eneo la majini, humfanya Sonic ajikokote na kutafuta mapovu ya hewa asizame. Marble, eneo la pili, ni la kusukuma matofali na kusubiri majukwaa yapande na kushuka juu ya lava, na mahali pamoja ukuta wa lava humfukuza mchezaji kutoka nyuma.

Lava hiyo inastahili neno, maana michezo ya majukwaa imeifanya kuwa adui wa kudumu, na Munigi imejengwa juu yake. Tarehe 17 Januari 2002 nyufa za volkano ya Nyiragongo zilishuka hadi karibu na Munigi, na lava ikapita Goma na kufunika sehemu ya njia ya ndege ya uwanja wake. Tarehe 22 Mei 2021 ilishuka tena na kusimama Buhene, ukingoni mwa mji. Mtu aliyelelewa hapo anajua kwamba lava ikipoa huwa jiwe jeusi la kujengea nyumba, na kwamba volkano huua pia kwa mazuku, hewa nzito ya kaboni inayotuama mabondeni bila rangi wala harufu. Mchezo wa kasi hauwezi kuonyesha mazuku. Hatari yake lazima ionekane, ing'ae na isogee, kwa kuwa mchezaji hana muda wa kushuku.

Marekebisho

Watengenezaji waliligundua tatizo la jicho mapema. Katika Sonic CD, mwaka 1993, kamera husogea mbele mhusika anapokimbia sana, ili mchezaji aone njia zaidi kuliko mgongo wake. Ni rekebisho dogo lenye faida kubwa. Safari ya kuhamia picha za pande tatu, iliyotimia na Sonic Adventure mwaka 1998, ilileta taabu nyingine: kamera sasa ilipaswa kukisia nia ya mchezaji, na katika Sonic wa 2006 ilikisia vibaya, juu ya hitilafu nyingi na kusubiri kurefu kila sehemu inapofunguka. Sonic Mania ya mwaka 2017, iliyoongozwa na Christian Whitehead, ilirudi kwenye picha bapa na mabonde, ikapokewa kwa shangwe.

Michezo midogo ya watengenezaji huru ilifika mbali zaidi. Super Meat Boy (2010) ina hatua fupi ambazo nyingi huonekana karibu zote kwa mtazamo mmoja, na aliyekufa hurudi papo hapo. Celeste (2018) humruhusu mchezaji kuruka hata baada ya mguu kuacha ukingo kwa sehemu ndogo ya sekunde, na huukumbuka mbonyezo uliotangulia kutua kidogo. Pia mchezaji anaweza kuupunguza mwendo wa mchezo mzima hadi nusu, bila kubezwa. Kwangu Celeste ndiyo yenye jibu bora: ugumu umebaki, lakini mchezaji haadhibiwi kwa makosa ambayo jicho lake haliwezi kuyaona.

Kwenye simu, Munigi

Ubora wa aina hii unaoonekana haraka zaidi Munigi ni kwamba hauhitaji kusoma. Kiswahili, Kinyarwanda, Kihunde na Kinande husikika kwenye uwanja mmoja, na watoto waliofika na familia zilizohamishwa na vita hawakupitia shule moja. Mchezo ambao maelekezo yake yote ni shimo na ukuta humpokea kila mmoja bila mkalimani. Michezo kama Subway Surfers, wa kwanza kupakuliwa zaidi ya mara bilioni moja kwenye duka la Google, huchezwa pia bila intaneti. Asiye na mega za intaneti hupata hata nafuu, kwa kuwa matangazo mengi hushindwa kufunguka.

Gharama huja kwa mlango mwingine. Skrini inayong'aa na picha zinazokimbia hula betri, na nyumba isiyo na umeme hulipia kila chaji kwa mwenye kibanda. Mchezo unaofundisha kwa kumwangusha mchezaji mara nyingi unatumia chaji ambayo ingemwezesha mama kupiga simu jioni. Kwa mtoto wa mjini mwenye soketi ukutani, kurudia ni bure. Munigi kurudia kuna bei, na ndiyo maana udhaifu wa kukariri, ambao wahakiki wa ng'ambo huutaja kwa kupita, hapa ni mzito. Tena simu haina vitufe vya kuhisi kwa kidole, gumba hufunika sehemu ya njia, na simu ya bei ya chini huchelewa kuitikia mguso. Katika mchezo wa karata kuchelewa huko hakuna madhara. Katika mchezo wenye chini ya robo sekunde ya kufikiri, ni hukumu.

Michezo ya mbio zisizo na mwisho ilikwepa tatizo la vitufe kwa kumnyang'anya mchezaji kasi yenyewe. Mhusika hukimbia atake asitake, mwendo huongezwa kidogo kidogo, na kila mbio huishia kwa kugonga. Ilitufikia mkononi, lakini iliacha nyuma kitu kizuri kuliko vyote alivyokuwa navyo Sonic, kule kuusoma mteremko na kuchagua.

Salaam

Mchezo wa mbio uliokaribia zaidi maisha ya Munigi ulitungwa na mkimbizi. Lual Mayen, wa Sudan Kusini, alizaliwa familia yake ikiwa njiani kukimbia vita na akakulia kambini kaskazini mwa Uganda. Aliiona kompyuta kwa mara ya kwanza mwaka 2007, wakati wa kuandikisha wakimbizi. Mama yake alidunduliza fedha kwa miaka mitatu hadi zikafika dola 300 za kununua kompyuta ya mapajani, naye akawa anatembea saa kadhaa kwenda kuichaji. Humo alijifunza kutengeneza michezo na akaanza Salaam, akiusambaza kwa wenzake simu kwa simu. Baadaye alihamia Washington, akaanzisha kampuni ya Junub Games, na mwaka 2018 alitunukiwa katika hafla ya The Game Awards.

Katika Salaam mchezaji ni mkimbizi anayetoroka wenye silaha na kutafuta maji, chakula na dawa. Mayen alipanga kwamba mchezaji anayenunua chakula ndani ya mchezo amfikishie msaada mtu aliye kambini kweli. Nguvu ya mchezo huu ni kwamba mbio zina sababu. Kasi ya Sonic ni furaha. Hapa ni haja, na yule anayekimbia anataka kusimama. Udhaifu wake mmoja ni kwamba malipo hayo yanamlenga mchezaji wa mbali mwenye fedha, na mkazi wa kambi hubaki mtu anayechezwa. Mwingine ni wa aina nzima: mkimbiaji ni mmoja. Tarehe 27 Mei 2021, siku tano baada ya mlipuko, wakuu wa Goma walipoamuru mitaa kumi ihamwe, mamia ya maelfu ya watu walitoka, wengi wakishika njia ya Sake, na magodoro, masufuria na watoto mgongoni. Mwendo wa familia ulikuwa mwendo wa bibi mzee. Aina hii ya michezo imemjua mwenzi kama yule mbweha wa mikia miwili wa Sonic wa pili, ambaye akiachwa nyuma huruka na kukufikia mwenyewe, na mchezaji hana haja ya kumsubiri.

Kijana wa Munigi au Goma anayetaka kuunda mchezo unaomsubiri mwenzi ana zana. Godot, programu huria ya kutengenezea michezo iliyofunguliwa kwa umma mwaka 2014, haina malipo, na ikishapakuliwa mara moja hufanya kazi bila intaneti. Hatua ziwe fupi, kila moja ihifadhiwe inapokwisha, kamera itangulie mbele ya mhusika, na mruko uliochelewa kidogo ukubaliwe. Na ujaribiwe kwenye simu ya bei ya chini kabisa inayouzwa sokoni, ikiwa imebakiwa na chaji kidogo.