Jina Moja Kwenye Karatasi

Kenya ina Makutano kibao. Kuna ya West Pokot, kuna pale barabara ya Embu inapoachana na ile ya Sagana, halafu kuna yetu ya Meru mjini, yenye baa, vyumba vya kukodisha na bodaboda wanaokuita hata kama huendi popote. Ukitembea hapa utaona ghorofa limekwama katikati, vyuma vikichungulia juu kama nywele za mtu aliyeamka sasa hivi. Uliza kwa nini. Wakati mwingine utaambiwa pesa ziliisha. Wakati mwingine utaambiwa, "Hiyo iko kortini," na aliyekujibu atashusha sauti, kwa sababu anayeshtakiwa ni mama wa mtu, au mjomba, au guka wa miaka 80 ambaye bado anakuja mjini Jumamosi na koti lake la suti.

Watu wa rika letu hupenda kusema ni tamaa. Wazee wana tamaa, vijana wana tamaa, ploti imepanda bei, basi. Tamaa ipo, sikatai. Lakini ukisoma kesi zenyewe (na mtu aliyeacha chuo ana muda mwingi wa kusoma hukumu za mahakama kwenye simu) unagundua karibu zote zinarudi kwenye miaka ileile, ya mwisho wa ukoloni na mwanzo wa uhuru, na kwenye swali lilelile: siku shamba lilipoandikwa, kwa nini liliandikwa jina moja?

Wazee wengi huita siku hizo dimakesheni. Mwanzo wake ni mpango wa Roger Swynnerton, afisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, uliotolewa mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, wakati Wakikuyu, Waembu na Wameru walikuwa wakibanwa na serikali kuliko watu wengine wote nchini. Wazo lilikuwa hivi: familia ina vipande vya shamba huku na kule, kimoja bondeni, kingine mlimani. Vikusanywe viwe kipande kimoja, kipimwe, mwenyewe apewe hati, ndipo aweze kupanda kahawa na kuchukua mkopo. Swynnerton hakuficha kwamba wengine wangebaki bila shamba. Kwake hilo lilikuwa jambo la kawaida katika maendeleo ya nchi. Serikali nayo ilikuwa na hesabu yake ya kisiasa, kwamba mtu mwenye hati na kahawa hana haraka ya kuingia msituni.

Mfumo uliokuwepo ulikuwa mwingine kabisa. Katika Meru shamba lilihusiana na mwiriga, yaani ukoo, na ndani ya ukoo kila nyumba ilijua inalima wapi. Mzee aliyesimamia hakuwa mwenye shamba kwa maana ya leo. Alikuwa kama katibu wa kikundi, ukipenda. Alijua mipaka, alijua nani alipewa nini na baba yake, na nani alikuwa mpangaji tu. Wakikuyu wana neno la mtu wa namna hiyo, muramati. Sasa afisa anakuja na daftari, na daftari lina safu moja ya jina. Familia inafanya nini? Inatoa jina la kaka mkubwa. Au la yule aliyesoma. Au la yule aliyekuwepo siku hiyo, kwa sababu wengine walikuwa kizuizini au kazini Nairobi. Nyumbani kila mtu alijua jina lile ni la wote. Mama halikuandikwa lake, na kwa wakati ule hata swali lenyewe halikuulizwa.

Upande wa Mbeere, chini ya Embu, mambo yalienda kwa njia nyingine. Huko upimaji ulishika kasi baada ya uhuru, chini ya sheria ya 1968, na koo zikaanza kushindana kwa historia. Jack Glazier, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeishi kule wakati huo, ameandika kitabu kizima kuhusu jinsi watu walivyotafuta nasaba, wakachangishana pesa za kesi na kuwasimamisha wazee kueleza mababu walilima wapi. Mzee mwenye kumbukumbu akawa mali. Ningependa kujua kama alilipwa nauli.

Halafu ikaja Sheria ya Ardhi Iliyosajiliwa ya 1963, na hapa ndipo shida yenyewe ilipo. Sheria ilisema aliyesajiliwa ni mwenye ardhi kabisa, na haki zote zinazoambatana nayo ni zake. Kifungu cha 143 kikaongeza jambo ambalo mpaka leo linanishangaza: korti ingeweza kurekebisha rejista kama kulikuwa na ulaghai, isipokuwa kama ni usajili wa kwanza. Maana yake ni kwamba kaka akikudanganya siku ile ya daftari, amekudanganya milele. Ulikuwa na siku 60 za kupinga rejista ilipotangazwa kukamilika. Kama ulikuwa Mombasa ukipika kwa Mzungu na hukupata habari, pole.

Korti zikachukua sheria ile kama ilivyo. Mwaka 1972, katika kesi ya Obiero na Opiyo, mjane aliyesajiliwa aliwashinda watoto wa mke mwenza waliodai haki za kimila. Mwaka uliofuata, katika Esiroyo na Esiroyo, mzee aliwashtaki wanawe akitaka watoke shambani, na jaji akakubaliana naye: hati ni yake, mila imeishia kwenye rejista. Ona kitu hapo. Hizi kesi mbili, ambazo wanasheria walizilaani kwa zaidi ya miaka 40, zilishindwa na vijana na kushindwa vibaya. Waliobaki na shamba ni mjane na mzee. Kwa hiyo ukisikia mtu akisema sheria ile ilikuwa mbaya kwa wazee, mwambie apunguze mwendo. Ilikuwa nzuri sana kwa mzee aliyeandikwa jina, na ilikuwa ukuta kwa mzee ambaye hakuandikwa.

Majaji wengine hawakupenda kuta. Katika kesi ya Muguthu ya 1968, Jaji Madan alisema kaka mkubwa aliyesajiliwa anaweza kuwa ameshika shamba kwa amana, kwa niaba ya mdogo wake. Tangu hapo korti za Kenya zikawa na njia mbili, na ushindi wako ulitegemea umeangukia jaji wa njia ipi. Familia zilizeeka zikingoja. Aliyefungua kesi akiwa na miaka 45 aliweza kufika rufaa akitembea na mkongojo.

Kilichomaliza mjadala huo kilitoka Meru. Kesi inaitwa Kiebia dhidi ya M'Lintari, na Mahakama ya Juu iliitolea uamuzi Oktoba 2018. Shamba liliandikwa jina la mmoja, ndugu wa ukoo wakasema ni la mababu. Majaji wakakubali kwamba amana ya kimila ni haki inayoifunga hati hata kama haikuandikwa popote kwenye rejista, na si lazima anayedai awe anaishi juu ya shamba lenyewe. Obiero na Esiroyo zikatupwa. Lakini usikimbie kwa wakili kesho asubuhi. Mahakama iliweka masharti: lazima shamba lilikuwa la familia au ukoo kabla ya kusajiliwa, wewe ni wa familia hiyo na si wa mbali sana, ungepata haki yako kama si yaliyotokea, na unayemdai ni mtu wa familia hiyohiyo. Kama shamba lilishauzwa kwa mgeni, una safari ndefu.

Na ushahidi ni nani? Ni mzee. Unahitaji mtu anayekumbuka mipaka ya 1960, na mtu huyo leo yuko juu ya miaka 80. Ndiyo maana utasikia Meru kesi ikiharakishwa kwa sababu shahidi ni mgonjwa.

Hadi hapa nimeongea kuhusu wanaume, kwa sababu daftari liliongea kuhusu wanaume. Upande wa shosho una historia yake. Sheria ya Urithi ilipitishwa 1972 lakini ikaanza kutumika tarehe 1 Julai 1981. Miaka tisa ilikaa kwenye rafu. Ilipoanza, ilisema watoto ni watoto, haikusema wavulana. Wilaya kadhaa za wafugaji, kama Kajiado, Narok na Turkana, ziliachwa nje kwa upande wa mashamba na mifugo, lakini Meru na Embu hazikuwemo kwenye orodha hiyo. Kwa hiyo mjomba anayekwambia "sheria haijui mila zetu" anazungumzia wilaya ya watu wengine.

Hata hivyo ilichukua mpaka 2005, katika kesi ya Rono kutoka Uasin Gishu, Mahakama ya Rufaa kusema wazi kwamba kuolewa si sababu ya kumpunguzia msichana. Marehemu aliacha ekari 192, wake wawili na watoto tisa, na jaji wa kwanza alikuwa amewapa wavulana sehemu kubwa kwa hoja kwamba wasichana wataondoka.

Mjane naye alipewa haki ya kutumia mali maisha yake yote, bila kuiuza atakavyo. Wengi hawaelewi jambo hili na linaleta vita. Mtoto anadhani shamba ni lake tangu siku ya mazishi. Mama anadhani ni lake kabisa. Sheria inasema mama analishika mpaka afe, na akitaka kuuza kipande alipe hospitali, anahitaji idhini ya korti. Zamani kulikuwa na sharti jingine: akiolewa tena, haki inaisha. Mwanamume akioa tena, hakuna kilichotokea. Mwaka 2022 Mahakama Kuu hapa Meru, katika kesi iliyoletwa na shirika la Ripples International, ilisema sharti hilo linakiuka Katiba, pamoja na kifungu kilichompa baba nafasi mbele ya mama pale mtoto wao anapokufa bila mke wala watoto. Meru, mji ambao watu wa Nairobi wanaujua kwa miraa na hasira, umetoa sheria mbili kubwa za familia ndani ya miaka minne. Hatujisifu vya kutosha.

Sasa tazama hali ilivyo nyumbani. Baba amezeeka. Vijana wanataka agawe akiwa hai, na hoja yao ina maana, kwa sababu akifa bila kugawa kuna barua ya chifu, kuna tangazo kwenye gazeti la serikali, siku 30 za pingamizi, kisha miezi 6 kabla ya kuthibitisha, na hayo ni kama hakuna anayepinga. Baba naye amewaona wenzake waliogawa. Kijana anapewa hati Januari, anauza Machi, na kufikia Juni mgeni anaweka ua mpaka mlangoni kwa mama. Kugawa kwenyewe, kama ni shamba la kilimo, kunapitia bodi ya ardhi ya eneo, sheria ya 1967, na wanabodi huuliza kama mke na watoto wanajua. Bodi ikiuliza vizuri, inaokoa mtu. Ikiuliza haraka, mama ananyamaza mbele ya watu na inaandikwa amekubali.

Wosia? Wazee wengi wanauona kama kuita kifo. Wapo wanaousema kwa mdomo, kwenye kiti, jioni, mbele ya yeyote aliyepo. Sheria inautambua wosia wa mdomo, ila kwa mashahidi wawili, na mzee afe ndani ya miezi mitatu. Akipona akaishi mwaka, maneno yale yamekufa kabla yake. Kwa maandishi pia ni mashahidi wawili, na karatasi haiishi muda.

Wengine hupeleka mambo kwa Njuri Ncheke, ambao nyumba yao iko Nchiru. Katiba, ibara ya 159, inataka korti zihimize njia za jadi mradi hazivunji haki za mtu, na kwa mpaka na ng'ombe wazee wale ni haraka na nafuu kuliko wakili yeyote mjini. Kwa urithi wa binti ningefikiri mara mbili. Ni baraza la wanaume.

Kitu kinachofanyika zaidi ya vyote, lakini, ni kutofanya chochote. Guka alikufa, hati bado ina jina lake, vijana wamegawana kwa kamba na miti ya mipaka, wamejenga, wamekodisha vyumba kwa wanafunzi. Kisheria, kuuza au kugawa mali ya marehemu bila kibali ni kosa lenye faini isiyozidi shilingi 10,000 au kifungo kisichozidi mwaka. Hakuna anayekumbuka mpaka barabara ipite na serikali itake kumlipa fidia mtu ambaye yuko kaburini. Hapo ndipo binamu wa Isiolo wanapopiga simu.

Gazeti rasmi la serikali hutoka Ijumaa na linapatikana bure mtandaoni. Tafuta sehemu ya matangazo ya mirathi, shuka mpaka korti ya Meru au ya Embu. Kila tangazo lina jina la marehemu, mengi yakianza na M', tarehe aliyofariki, na anayeomba kibali: mjane, mwana, siku hizi mjukuu pia. Toa tarehe ya kifo kwenye tarehe ya gazeti. Utakuta miaka 2, utakuta 11, halafu utakuta 38.