Swali Nililokosea

Nilipokuwa mtoto hapa Ngumbo, mwanzoni mwa miaka ya 1960, akina mama hawakwenda Umatengo mmoja mmoja. Walipanda milima alfajiri kwa mstari, dagaa wakavu kichwani, wakarudi na maharage na mahindi. Giza likiwakuta njiani, walilala kwa mwenyeji waliyemfahamu.

Desturi hiyo ilikuwa na chimbuko lake. Katika karne ya 19 mwambao huu ulivamiwa na Wangoni, na misafara ya watumwa ilivuka ziwa kuelekea pwani. Mwanamke aliyekutwa peke yake njiani aliweza kutekwa asionekane tena. Mstari ulikuwa ngao. Lakini tusiusifu kupita kiasi: asiyepata wenzake hakufika sokoni.

Malori yalipoanza kushuka ziwani, mstari ulikatika. Mwaka 1986, nikiwa mwalimu mkuu, nilimwita mjane mmoja kuhusu sare ya mwanawe. Alinieleza kwa kuzungukazunguka. Alikuwa akipeleka dagaa Mbinga. Usiku, dereva alimtaka kimwili. Alipokataa, alishushwa mlimani na magunia yake. Mvua ilinyesha, dagaa wakaoza, na fedha ya sare ikapotea.

Nikamwuliza, “Mama, kwa nini ulisafiri peke yako?”

Akajibu, “Mwalimu, ningekwenda na nani?”

Chuo cha ualimu kilinifundisha kuuliza maswali ya kumfungua mtoto akili. Siku ile niliuliza swali la kumfunga mtu mzima mdomo, kwani hakusema tena. Mtoto niliruhusu asome bila sare, lakini deni langu kwa mama yake halikuishia hapo.

Mwaka 1998 Bunge lilipitisha Sheria ya Makosa ya Kujamiiana, na bughudha za kijinsia zikatajwa kuwa kosa. Leo kuna lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, na wanawake husafiri peke yao na mizigo yao. Ndivyo inavyotakiwa. Hata hivyo, lami haiwashi taa stendi, haiweki komeo kwenye mlango wa choo, wala haimsikilizi mama anayeshtaki. Hayo ni kazi yetu.

Nikikumbuka mazungumzo yale, husikitika kwamba swali lenyewe lilikuwa jepesi, nami sikuliuliza: “Mama, dereva huyo ni nani?”