Kaburi Tupu la Namirembe



Wazee wa hapa Rumangabo wakitaja mwaka wa 1977, kwanza wanataja moto. Tarehe 10 mwezi wa kwanza Nyiragongo ulipasuka ubavuni, na ziwa la moto lililokuwa kileleni likamwagika lote kwa muda usiofika saa moja. Leo nataka tukumbuke jambo lingine la mwaka ule ule, lililotokea wiki sita baadaye, ng'ambo ya Bunagana, kule Uganda.

Nalileta kwa sababu ya swali. Baada ya maziko, mtu mmoja alituuliza, bila hasira: "Ninyi mnaimba na kupiga makofi wakati watu wanalia. Ni furaha gani hiyo?" Swali zuri. Tusilikimbie.

Janani Luwum alizaliwa mwaka wa 1922 huko Mucwini, kwa Waacholi. Alikuwa mwalimu wa shule, akaokoka tarehe 6 mwezi wa kwanza 1948, siku za ule uamsho uliotoka Gahini, Rwanda, ambao watu wake tunawaita Walokole. Mwaka wa 1974 akawa Askofu Mkuu wa Waanglikana wa Uganda, Rwanda, Burundi na Boga-Zaire. Boga hii ni ya Ituri, ya kwetu, alikofika Apolo Kivebulaya na injili mwaka wa 1896. Kwa hiyo huyu hakuwa mgeni kabisa kwetu, hata kama sisi ni Wapentekoste.

Mwezi wa pili 1977 askari wa Idi Amin walipekua nyumba yake usiku. Yeye na maaskofu wenzake wakamwandikia Amin barua, wakilalamikia mauaji ya raia. Tarehe 16 akakamatwa. Kesho yake serikali ikatangaza kwamba amekufa katika ajali ya gari pamoja na mawaziri wawili. Watu hawakuamini, na walikuwa na haki: alipigwa risasi.

Kanisa lilikuwa limekwisha kuchimba kaburi juu ya kilima cha Namirembe, karibu na kaburi la Askofu Hannington aliyeuawa mwaka wa 1885. Mwili haukuletwa. Ulipelekwa Mucwini chini ya ulinzi wa askari, ukazikwa huko. Ibada ya kumwombea ikakatazwa.

Jumapili, tarehe 20, watu walipanda kilima hata hivyo. Walikuja maelfu, kila mtu akijua kwamba wapelelezi wamo kati yao. Ibada ilipokwisha hawakwenda nyumbani. Walisimama nje kuzunguka lile shimo, wakaanza kuimba wimbo unaosimuliwa kwamba uliimbwa na wale vijana watatu, Makko Kakumba, Nuwa Serwanga na Yusufu Lugalama, walipopelekwa kuchomwa moto tarehe 31 mwezi wa kwanza 1885. Kisha mzee Erica Sabiti, Askofu Mkuu aliyestaafu, akawakumbusha neno ambalo malaika waliwaambia wanawake kaburini asubuhi ya ufufuo. Shimo lile lile tupu lililowauma likawahubiri! Hapo ukapanda Tukutendereza, ule wimbo wa Walokole ambao hata hapa tunasalimiana nao.

Angalieni, Amin hakuanguka siku ile. Alibaki miaka miwili. Askofu Festo Kivengere wa Kigezi na mke wake Mera walikimbia kwa miguu usiku, kupitia milimani, mpaka Rwanda. Wengi wetu tunaijua safari ya namna hiyo. Nyimbo za Namirembe hazikuondoa hatari, na waimbaji hawakujidanganya. Machozi yalikuwa yakiwatoka wakiimba. Mimi naona kwamba aliyetuuliza anafikiri furaha na machozi ni kama mchana na usiku, kimoja lazima kiondoke ndipo kingine kije.

Someni Nehemia sura ya 8. Ukuta wa Yerusalemu ulikuwa umemalizika kwa siku 52, lakini adui walikuwa bado jirani na nyumba ndani ya mji zilikuwa bado hazijajengwa. Watu waliposikia torati walilia. Ndipo wakaambiwa wasihuzunike, kwa maana furaha ya Mungu ndiyo itakayowasimamisha. Lakini sisi wahubiri tunapenda kuruka sehemu moja ya mstari huo: waliambiwa pia wampelekee chakula yule ambaye hakuandaliwa kitu.

Jumapili hii tutaimba Tukutendereza, na nyumba iliyofiwa itakaa mbele kwetu. Mwenye kikombe cha maharage alete. Asiye nacho aje na sauti yake, hata kama imekauka kwa kulia.